Baiskeli Moja, Viti Viwili

Mtu anayefanya kazi Dubai akipata likizo, anakwenda kwao. Hilo halina mjadala. Wiki nzima kabla ya safari anashinda sokoni Naif akinunua mablanketi, madera, viatu vya watoto na simu za wajomba. Anapima mabegi, anapunguza, anaongeza, anagombana kwa simu na dada zake juu ya nani kapewa nini na nani kasahauliwa. Nimeyafanya hayo miaka mingi na sijutii. Kwa hiyo niliposema kazini kwamba likizo hii mimi na mume wangu tunakwenda Ulaya, tena kwa baiskeli, kutoka Ujerumani mpaka Hungaria kwa kuufuata mto Danube, chumba chote cha kufulia kilinyamaza, na chumba cha kufulia cha hoteli huwa hakijui kunyamaza.

Hoteli yetu iko Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ni mashuka, taulo na sare za wahudumu. Mwenzangu wa karibu pale ni Mganda, mwanamke mcha Mungu mwenye ulimi usio na breki, na ndiye aliyevunja ukimya. Aliniuliza kama tumegombana na ndugu zetu wote. Nikamwambia hapana. Akauliza kama huko Ulaya treni zimegoma. Nikacheka. Ndipo akauliza swali la maana: kwa nini mtu mzima, mwenye kazi ya kusimama kutwa, achukue mapumziko yake akachoke nayo? Nilimjibu kwamba nilitaka, mara moja katika maisha yangu, kwenda mahali ambapo hakuna anayenisubiri. Akarudi kwenye taulo zake bila kusema neno, na kwake yeye hiyo ni heshima kubwa.

Viza walitunyima mara ya kwanza. Palipoulizwa tutalala wapi tulijibu hema, na nadhani afisa aliona tunamtania. Mara ya pili tulipeleka na picha yetu tumesimama pembeni ya baiskeli, mume wangu kavaa tai, na kwa mshangao wa mtaa wetu mzima wa Satwa tukapewa.

Baiskeli yenyewe hatukuitafuta. Mume wangu ni mlinzi kwenye jengo moja la kupangisha, na ghorofa ya juu waliishi sir na madam wa Kijerumani, wazee waliostaafu, ambao baiskeli yao ya watu wawili ilikaa chini kwenye maegesho. Yeye ndiye aliyekuwa akiijaza upepo na kuipangusa vumbi, bila kuombwa, kwa sababu hawezi kuona tairi limelegea akalipita. Nyonga ya sir ilipoharibika wakaamua kurudi kwao moja kwa moja. Siku ya kuhama walimwita juu. Akadhani anaitwa kubeba maboksi, kumbe anakabidhiwa baiskeli. Wenyewe walishazunguka nayo Ulaya miaka na miaka. Madam alimwomba kitu kimoja tu: isitiwe kwenye kontena kwenda kuuzwa, iendeshwe. Mimi nilipokwenda kusaidia kuichukua, sir alitushikilia pale maegesho saa nzima, fimbo mkononi, akitueleza habari za ule mto na njia ya baiskeli inayoufuata nchi hadi nchi, karibu yote tambarare. Alisema watu wa umri wetu wanaiweza kabisa.

Kwa asiyeijua, baiskeli ya namna hiyo ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na jozi mbili za pedeli zilizofungwa pamoja kwa mnyororo. Mmoja akikanyaga, miguu ya mwenzake inazunguka apende asipende. Usukani, breki na gia viko mbele. Wa nyuma naye ana usukani wake, lakini haugeuki, ni wa kushika tu. Na wa nyuma haoni kinachokuja, anaona mgongo. Ndiyo maana sir alitupa kanuni moja, akairudia: wa mbele aseme kila kitu. Akitaka kufunga breki aseme. Akiona shimo aseme. Akikata kona, akibadilisha gia, akitaka kupumzisha miguu, aseme. Mume wangu aliitikia yes sir, yes sir, kwa sauti yake ya kazini.

Siku ya kwanza alipanda mbele bila kuuliza, nami nikapanda nyuma bila kuulizwa.

Sasa lazima nieleze tulikotoka, la sivyo mambo mengine hayataeleweka. Mume wangu ni wa Busia, upande wa Kenya. Kabla pikipiki hazijajaa, vijana wa pale walikuwa wakivusha watu mpakani kwa baiskeli, abiria kakaa kwenye keria yenye mto wa sponji, na yeye aliianza kazi hiyo akiwa hajaota ndevu. Amesomesha wadogo zake kwa magoti yale. Sheria za kazi hiyo bado ziko mwilini mwake. Abiria hatikisiki. Abiria haambiwi habari za barabara, kwa sababu akiambiwa anaogopa. Na mwendeshaji anayemshusha mteja kwenye mlima ili waupande kwa miguu, ajue kesho mteja huyo atapanda kwa mwingine.

Mimi ni wa Tanga. Kwetu mwanamke juu ya baiskeli si habari. Mama zetu walikwenda nayo sokoni na harusini, nguo imekunjwa vizuri isiingie kwenye spoku, na mimi nilikwenda nayo shule na mashineni, mdogo wangu nyuma na debe la mahindi mbele. Tangu miguu yangu ilipofika kwenye pedeli sikuwahi kukaa kwenye keria ya mtu.

Mazoezi tulifanya siku za mapumziko, asubuhi mapema kabla joto halijaanza kuuma, kwenye njia ya baiskeli kandokando ya ufuo wa Jumeirah. Baridi ilipoingia tukawa tunakwenda mpaka ile njia ya jangwani, ambako swala hukatiza mbele yako bila haraka yoyote. Ilikuwa raha, sitasema uongo. Lakini hakusema kitu hata kimoja. Breki zilinifikia kifuani. Matuta niliyajua kwa makalio. Na kibaya zaidi, alikuwa akinibeba. Nilipojaribu kukanyaga nilikuta pedeli zimeshatangulia, zinashuka zenyewe chini ya nyayo zangu, tupu, hazina kazi yoyote ya kunipa. Nililalamika mara kadhaa. Akanijibu kwa upole, "Wewe kaa tu, mamaa. Barabara niachie mimi." Dubai ni tambarare na nguvu zake zilitosha kwa wawili zikabaki, kwa hiyo niliona si jambo la kuharibia asubuhi.

Mabegi ya kuning'iniza pembeni alitushonea fundi cherehani wa Satwa, Mpakistani mwenye duka chini ya pale tunapoishi, ambaye kazi yake ni sare na mapazia. Tulimpa turubai la kijani. Akalishona kwa uzi wa viatu, akaongeza na vimifuko vya ndani ambavyo hatukuviomba. Baiskeli nayo ilikuwa na vikazio katikati ya fremu, ukivilegeza inatoka vipande viwili, tukaipeleka Naif kwa jamaa wanaofunga mizigo ya kwenda nyumbani. Waliifunga barabara, boksi, nailoni na utepe, na kabla hatujafungua mdomo mmoja wao akachukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni, herufi kubwa, DAR. Mkono ulishazoea. Nikamwambia hii inakwenda Ujerumani. Akanitazama kama mtu anayepotezewa muda, akaandika Ujerumani chini yake, herufi ndogo, iwapo labda nitabadili mawazo. Hivyo ndivyo boksi lilivyotokea kwenye mkanda wa mizigo kule Munich, na afisa wa forodha akataka kujua huyo Dar ni nani.

Tuliiunganisha baiskeli nje ya stesheni ya treni ya mji wa Ulm, na mchana huohuo tukawa kando ya mto.

Zile siku za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuishi, na sioni haya kusema hivyo. Njia ilikuwa yetu na ya wazee wenye mashavu mekundu waliotupita wakipiga kengele. Hakuna mashine iliyolia kuniita. Hakuna simu ya kuuliza nitatuma lini. Tulilala kwenye hema, tukanawa kwa maji ya baridi ya kukata pumzi, tukapika ugali kwa unga tuliotoka nao Satwa. Jirani wa hema la pili alikuja na sahani yake kuonja, akarudi na sahani ileile kuomba tena. Kila tulipofika kwenye shamba la mahindi mume wangu alisimamisha safari ashuke kuona wamepanda kwa nafasi gani. Alikuta wamebananisha mno, akasikitika kwa niaba yao. Kisha akaona ukubwa wa mahindi yenyewe, na hakuzungumzia tena kilimo mpaka jioni.

Shida ilianza karibu na mpaka wa Austria. Njia ya mtoni ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na mishale ya njano ikatupeleka milimani. Baiskeli ya watu wawili yenye mizigo kwenye mlima ni ng'ombe aliyegoma. Watu wenye akili zao hushuka wakasukuma. Tuliwaona njiani, wengi tu, wanasukuma huku wanapiga soga. Nikamwambia tushuke.  Nikamwambia tena. Akalala juu ya usukani akakanyaga, mgongo wake ukitetemeka mbele ya macho yangu, na nilipotaka kumsaidia nikakuta pedeli zimeshakimbia. Ndipo nikaelewa kwamba hayuko Austria. Yuko Busia, na mimi ni mteja.

Alinipandisha kila mlima siku ile, na kesho yake akanipandisha iliyobaki, bila kunishusha hata kwenye mmoja. Asubuhi iliyofuata goti lake la kulia lilikuwa limevimba hata suruali ikagoma kupita. Tulikuwa tumeshateremka tena mtoni, kwenye kiwanja cha mahema chenye miti ya tufaha. Nikamshika mkono mpaka duka la dawa la kijiji. Mama wa pale alilibonyeza goti, akampa dawa ya kupaka na kitambaa cha kukaza, akasema apumzike siku mbili tatu, na baada ya hapo kuzungusha miguu taratibu ruksa, kusukuma kwa nguvu hapana. Alisisitiza hapana hiyo akiniangalia mimi. Nadhani alishajua aina ya mgonjwa.

Jioni ya siku ya pili, mguu kauegesha juu ya begi, mume wangu alitoa uamuzi. Tungepanda treni mpaka Vienna, tubadilishe tiketi, turudi. "Khalas," alisema. "Ulaya tumeiona. Tumeonja. Wacha twende kazi."

Nilishikwa na hasira, na ilikuwa hasira safi, isiyo na huruma ndani yake. Nilikuwa nimeomba likizo hiyo mwaka mzima kabla. Nilikuwa nimewaambia ndugu zangu hapana, neno ambalo sikuzoea kuwaambia. Nusu ya safari ilikuwa bado iko mbele, na miguu yangu haikuwa imefanya kazi yoyote tangu Ujerumani. Nikamwambia hatupandi treni. Tutaendelea, na mimi nitakaa mbele.

Alicheka kwanza. Alipoona sicheki, akaniuliza yeye atakaa wapi, kana kwamba baiskeli ilikuwa na sehemu nyingine ya kukaa.

"Nyuma," nikamwambia.

 Mimi nilijua atasema nini. Atasema mwanamume kubebwa na mkewe ni kichekesho, nami majibu ya hilo nilikuwa nayo tayari, nilishayanoa tangu asubuhi. Hakusema hivyo.

"Mimi nimebeba watu tangu nikiwa kijana mdogo," alisema. "Wagonjwa. Wamama wa kujifungua. Mara moja nimebeba maiti, usiku, na mwenye maiti nikamwambia shikilia. Mimi hakuna mtu amewahi nibeba. Hata sijui mtu hukaa aje."

Yale majibu yangu yote yakakosa pa kwenda. Nilitamani kumkumbatia, na sikumkumbatia, kwa kuwa nilijua nikianza hivyo tutaishia kwenye treni, tumeshikana mikono, tumependana sana, tunarudi. Nikamwambia kwamba sikuja Ulaya kubebwa. Nikamwambia tangu siku ya kwanza Jumeirah ananipeleka matembezini kama mgonjwa, na mimi si mgonjwa, na kwamba kama hataki kukaa nyuma basi yeye apande treni na mimi nitaiendesha baiskeli peke yangu na kiti cha nyuma kitupu, tukutane Budapest. Na ningefanya hivyo. Alijua ningefanya.

 Alichukua sufuria akaenda kuiosha, akachechemea mpaka bombani, akakaa huko kuliko sufuria moja inavyohitaji. Aliporudi alifungua begi la zana akatoa spana. Akaenda kwenye baiskeli, akaniita kwa kichwa. Nikasimama pale alipotaka nisimame. Akashusha kiti cha mbele mpaka usawa wa nyonga yangu, akapima kwa kiganja, akashusha tena kidogo, akakaza. Kisha akapandisha cha nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Akausogeza usukani wa mbele karibu, akageuza breki zielekee vidole vyangu, akanifanya nizibane moja moja huku anasikiliza. Alifanya yote vizuri, maana hajui kuifanya baiskeli vibaya hata akiwa na huzuni.

Kesho yake tulijaribu kwenye majani ya kiwanja kile, wazee wa mahema jirani wametoka na vikombe vyao vya kahawa kutuangalia. Tulianguka kabla hatujafika kwenye mti wa kwanza. Yeye alikuwa anageuza ule usukani usiogeuka kwa nguvu zake zote, na kila nilipoinamia kushoto yeye aliinamia kulia, kuokoa hali. Tukaanguka tena. Mzee mmoja akapiga makofi. Nikamwambia mume wangu afumbe macho, kwa kuwa macho ndiyo yaliyokuwa yanamponza. Akakataa. Nikasema basi nami sipandi. Akafumba, au alisema amefumba, na tukazunguka kiwanja chote hadi langoni na kurudi, mimi nikisema kila kitu kwa sauti kubwa: breki, tuta, kona kushoto, mbwa. Wale wazee nao hawakurudi kwenye mahema yao mpaka tulipomaliza.

Nikawa redio. Nchi nzima ya Austria nimeisemea, shimo kwa shimo. Mwanzoni alinijibu kila tangazo kwa ushauri. Nikisema kona, anasema punguza. Nikisema gari, anasema nimeliona, na uongo, hawezi kuliona. Mikono yake niliihisi ikibana ule usukani wake, maana unashikamana na kiti changu na kila akibana mimi natikisika. Hilo liliendelea siku nyingi. Halafu mchana mmoja, katikati ya mashamba ya mizabibu, ushauri ukakatika. Nikadhani goti limemzidi. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia kuna mwanamke juu ya paa anapaka rangi bomba la moshi, na chini yake mbuzi amepanda kwenye toroli, na kwamba tangu aanze kuendesha baiskeli maishani hakuwahi kuangalia pembeni. "Kumbe huku nyuma kuna nchi," alisema. Kuanzia hapo kazi zikagawanyika. Mimi nikawa nasema barabara, yeye ananisimulia vilivyobaki: bata mzinga wakubwa, wavuvi wamelala, bibi arusi anavuta sigara nyuma ya kanisa. Vienna tuliipita hivyo, na Bratislava, na mpaka wa Hungaria ambao tuliuvuka bila kuujua.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Akikuta mlima, hata mwinuko wa daraja, alisukuma. Kuzungusha taratibu, ambako ndiko alikoruhusiwa, alikuweza kwenye tambarare tu. Mlima ulipoanza nilimhisi kupitia mnyororo, mguu wa kushoto mzito, wa kulia mzito na wenye kigugumizi, akinipunguzia mzigo ambao sikuomba kupunguziwa. Nilimwambia aache. Alisema ameacha. Jioni goti lilikuwa linatoa ushahidi. Nilimpaka dawa huku namgombeza, na kabla ya kulala nilikuwa nawaza kwamba mlima mmoja wa kweli, mrefu, akiusukuma kwa tabia yake hii, ndio utakaotupakia kwenye treni.

Tumerudi Dubai, na mashuka ni yaleyale. Wenzangu waliziona picha zote. Yule mwenzangu Mganda aliichukua simu yangu akazipitia moja moja, akakuza kwa vidole, kisha akataka kujua kwa nini mume wangu yuko nyuma kwenye kila picha, na kwa nini ananenepa. Alipokutana naye wiki hiyo hakungoja salamu ziishe, akamuuliza mwenyewe. Mume wangu alimjibu kwamba huko mbele ni kazi, na yeye alikuwa likizo. Wakacheka. Kwa vijana wa jengoni kwake, wale walinzi wenzake, anasimulia habari za mahindi na yule mbuzi wa kwenye toroli, na wamempachika jina la utani ambalo analifurahia kuliko anavyokubali. Asubuhi za mapumziko tunatoka kama zamani, na nani anakaa mbele tunaamua kwa namna ya watu wawili wanaogombea bafu.

Ambalo sijamsimulia mtu yeyote pale kazini ni habari ya kilima kimoja.

Ilikuwa karibu na mwisho, mahali ambapo mto unapinda kuelekea Budapest. Tulikosea njia. Nilikosea mimi, niliyekuwa mbele, na barabara niliyoichagua ikaacha mto ikaanza kupanda ndani ya msitu. Kusukuma kwa miguu ilikuwa ndiyo akili, na nilitaka kushuka, lakini goti lake lilikuwa limeamka vibaya siku hiyo na kutembea kwenye mwinuko kulimuumiza kuliko kukaa. Kurudi nyuma kulikuwa mbali. Nikashusha gia mpaka ya mwisho.

"Mlima," nikasema. "Ni mrefu. Usinisaidie."

"Utaweza?"

"Niachie."

Mwanzoni alisaidia, kama kawaida yake. Nilimhisi, kushoto, kulia, kushoto. Sikumgombeza, sikuwa na pumzi ya kumgombeza. Tukapita kona ya kwanza, na baada ya kona barabara ikainuka zaidi, na hapo kwenye mwinuko mkali kuliko yote ya safari nzima, akaacha. Kwa nje hakuna ambaye angeliona hilo. Miguu yake iliendelea kuzunguka na pedeli. Lakini mimi nililipata kwenye mapaja, uzito wake wote, mtu mzima na mabegi yake, ukishuka juu ya miguu yangu kwa mara ya kwanza. Baiskeli ikataka kusimama. Nikaikatalia. Machozi yalinitoka na hayakuwa ya maumivu, nilikuwa na furaha ya kupiga kelele, ila nilikuwa nahitaji pumzi kwa kazi nyingine. Niliendelea kumsemea. Changarawe. Kona kulia. Bado kidogo.  Nikauliza kama anaumia.

Akasema haumii. Kisha akaweka paji la uso mgongoni kwangu, pale katikati ya mabega ambapo fulana ilikuwa imelowa jasho, akaliacha papo hapo, na nikampandisha mpaka juu.